Safari ya Mume na Mke Kando ya Ziwa

Katika nyumba zetu twajua sana kupanga safari za msiba. Habari ya kifo ikifika asubuhi, kabla ya jua kutua nauli imekwisha patikana, watoto wamekwisha achwa kwa majirani, na mume na mke wamo njiani. Twajua pia kupanga safari za arusi, za kumpeleka mtoto shuleni, na za kumwuguza mgonjwa. Safari moja tu ndiyo tusiyoijua: ile ya mume na mke kutoka pamoja, wakiwa wazima, bila maiti, bila mgonjwa, bila mzigo wa kuuza, ili wapumzike. Nataka leo kueleza jinsi mimi na mke wangu tulivyoipanga safari ya namna hiyo, gharama zake, maneno ya watu juu yake, na faida tuliyoipata ambayo hatukuitazamia.

Sisi tu watu wa Uvira. Mimi ni mwalimu. Mke wangu auza samaki wakavu sokoni. Tulifunga ndoa mwezi wa Agosti 1997, vita vya kwanza vilipokuwa vimetoka kupita, na nyumba nyingi zilikuwa bado hazina mabati. Siku ya tatu baada ya arusi nilikwisha kuwa kazini, naye alikwisha kuwa jikoni na mama yangu. Hakuna aliyetuuliza kama tungekwenda mahali kupumzika, wala sisi hatukuwaza jambo hilo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1998, vita vya pili vikaanza. Baada ya hayo zikaja karo za shule, magonjwa, na misiba ya pande zote mbili. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ukafurika na kuziangusha nyumba nyingi za mji wetu, na sisi tukapoteza ukuta mmoja na magodoro yote. Hivyo, mwaka wa 2022 ulipokaribia, mwaka wa jubilei yetu ya miaka 25, tulikuwa hatujalala hata usiku mmoja mbali na nyumbani sisi wawili kwa hiari yetu. Kila mara tulipolala kwingine, tulikuwa twakimbia au twazika.

Wazo la safari halikutoka kwetu. Lilitoka kwa binti yetu anayesoma Italia. Wakati wa likizo ya kiangazi yeye hufanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya ufuo wa Amalfi, kusini ya mji wa Napoli. Mwezi wa Septemba 2021 alituletea picha kwa simu. Tuliona milima inayoanguka wima baharini, nyumba nyeupe na za rangi zilizopandana kama ngazi, na mashamba ya malimau yaliyolimwa juu ya matuta ya mawe. Akaandika: “Baba na Mama, jubilei yenu njoni mwifanyie huku. Nitawaomba wakubwa wangu wanipunguzie bei ya chumba.”

Mimi ni mwalimu, na desturi ya mwalimu ni kutafuta habari kabla ya kujibu. Nikasoma juu ya ufuo ule, nikastaajabu. Mahali panapoitwa Positano, ambapo leo chumba kimoja chenye dirisha la baharini, kwa usiku mmoja tu, hulipwa kupita mshahara wa mwalimu wa kwetu wa miezi miwili, palikuwa kijiji cha wavuvi maskini. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wengi wa kijiji kile walikata tamaa, wakapanda meli, wakaenda Marekani kutafuta maisha. Mwaka 1953 mwandishi wa Marekani, John Steinbeck, aliandika habari za Positano katika gazeti moja la kwao, na tangu hapo wageni waliongezeka. Mwaka 1997, ule ule wa ndoa yetu, shirika la UNESCO liliuandika ufuo wa Amalfi katika orodha ya urithi wa dunia.

Nikasoma na jambo jingine, ambalo watangazaji wa hoteli hawalisemi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1954, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ile. Maji na matope yaliteremka katika mabonde na kuwaua watu zaidi ya 300 katika mji wa Salerno, Vietri, Maiori na vijiji vya jirani. Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Milima mirefu nyuma, maji mengi mbele, watu wamebanwa katikati, na mvua ikizidi, mito hugeuka kuwa adui. Nani wa Uvira asiyeijua habari hiyo? Nikamwambia mke wangu: “Mama watoto, ufuo huu ni ndugu wa ufuo wetu.”

Hata hivyo hatukulikataa neno la binti yetu kabla ya kulipima. Tuliketi usiku mmoja kwa daftari na kalamu. Ada ya ombi la visa ilikuwa yuro 80 kwa kila mtu, nayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Sharti bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Sharti karatasi za benki, na sisi akiba yetu hukaa katika kikundi cha akina mama wa sokoni. Sharti kwanza kufika Kinshasa, nako kutoka Uvira hatuna barabara ya kutufikisha. Ni ndege tu. Tulipojumlisha nauli za ndege zote, kulala Kinshasa, na chakula, hesabu yetu ilipita dola 5,000, nasi tulikuwa bado hatujakilipia chumba.

Mke wangu aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Kisha akasema: “Mtoto atandike vitanda vya watu mwaka mzima, ili sisi tulale katika kitanda kimoja siku nne?” Nikanyamaza. Akaendelea: “Baba watoto, milima iliyo katika picha hii sisi tunayo. Maji tunayo. Tusichokuwa nacho ni siku. Mimi nataka kuketi mahali ambapo hakuna mtu anayeniita.”

Wasomaji wapenzi, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa mipango yetu yote. Hakusema kwamba safari si kitu, wala hakusema kwamba watu wa hali yetu hawastahili kupumzika. Alitaja tu kile alichopungukiwa nacho. Watu wengi huanza safari kwa kuuliza, “Twende wapi?” Yafaa kwanza kuulizana, “Tumekosa nini?” Maana mtu aliyekosa usingizi hawezi kuponywa kwa kutembezwa, na mtu aliyekosa mazungumzo hawezi kuponywa kwa kitanda laini.

Basi tukaamua kukaa kando ya ziwa letu wenyewe. Ziwa Tanganyika si dogo hata tulione haya. Urefu wake ni karibu kilomita 670, na nchi nne zanywa maji yake: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kilindi chake chafika mita 1,470, na hakuna ziwa duniani linalolipita kwa kina ila Baikal la Urusi. Walakini mjini Uvira tusingeweza kupumzika. Kila baada ya hatua kumi mzazi mmoja angenisimamisha kuuliza habari za mtihani, na mke wangu angekumbushwa madeni ya samaki. Ikatulazimu kuvuka mpaka, tukae ng'ambo, upande wa Burundi, kusini ya Bujumbura, ambako hakuna anayetujua.

Sasa nieleze habari ya fedha, kwa kuwa hapo ndipo nia njema nyingi zinapokufa. Tulikubaliana kila mmoja aweke dola 15 kila mwezi, tangu Oktoba 2021 hata Julai 2022. Miezi kumi, watu wawili, jumla dola 300. Sanduku lilikuwa moja, na ufunguo ulikaa kwake. Mara mbili nilishawishika kukopa humo, mara moja kwa viatu vya mtoto na mara moja kwa mchango wa msiba. Mara zote mbili tulitafuta fedha penginepo. Fedha hizo tuliziandikia kazi kabla hazijatimia: nauli za kwenda na kurudi dola 30, chumba kwa usiku tatu dola 120, chakula dola 60, mashua ya kutembea ziwani dola 15, chakula cha watoto nyumbani dola 25, na dola 50 za dharura, zisiguswe bila wote wawili kukubali.

Maneno ya watu yalikuja, nayo yalikuwa mazito kuliko gharama. Kaka yangu mkubwa aliniita kwake. Akasema: “Mdogo wangu, jubilei bila watu ni kama mazishi ya siri. Fedha za kula ninyi wawili mnazo, na za kuchinja mbuzi kwa ukoo hamna?” Nilimjibu kwa heshima inayompasa: “Kaka, ukoo tumeulisha miaka 25 na tutaulisha tena. Siku hizi nne nazitoa kwa yule niliyemwahidi mbele yenu.” Hakufurahi, na hata leo hakubaliani nami. Lakini hatukutoroka kama wezi. Jumapili ya tarehe 21 Agosti, baada ya Misa, tuliwaalika ndugu nyumbani, tukala wali, maharagwe na samaki, tukawaaga wote. Aliyetaka kusema alisema mbele yetu. Mambo ya ukoo yakizungumzwa mbele ya chakula hayaendi kunong'onwa kisimani.

Watoto tuliwaachia shangazi yake mke wangu, mwanamke mwenye sauti isiyorudiwa mara mbili. Tuliandika katika karatasi chakula cha kila siku, jina la zahanati, na mambo mawili tu ambayo kwayo tungeweza kupigiwa simu: ugonjwa mkali na moto. Shangazi alicheka sana, lakini aliifuata karatasi ile. Nasi tuliikubali sheria yetu wenyewe: simu ingewashwa saa moja jioni, kwa muda wa robo saa, kisha izimwe.

Jambo la mwisho la mipango lilikuwa kuchagua tarehe, na hapo mke wangu alikuwa mwalimu, nami mwanafunzi. Kwa kazi yake ya samaki aijua miezi kwa usiku wake. Wavuvi wa ndagala huenda ziwani usiku wa giza, maana mwezi ukiwaka samaki hutawanyika, hawakusanyiki chini ya taa. Yeye alitaka kuona taa zile kwa mara moja bila kuhesabu moyoni bei ya kesho sokoni. Kwa hiyo tulichagua siku za mwezi kuandama, tangu Alhamisi tarehe 25 hata Jumapili tarehe 28 Agosti 2022. Mvua zilikuwa bado, na shule zilikuwa hazijafunguliwa. Tulitafuta mapema vibali vya kupita mpaka, vile vya CEPGL, na kuvitia katika mfuko mmoja pamoja na kadi za chanjo.

Safari yenyewe ni fupi. Kutoka Kavimvira tulivuka mpaka, tukapita Gatumba, kisha daraja la mto Ruzizi, tukaingia Bujumbura kabla ya jua la adhuhuri. Hapo tukapanda gari la abiria la kusini. Nyumba ya wageni tuliyoichagua ilikuwa ya kadiri: vyumba vichache, chandarua kizima, maji safi, ukumbi ulioelekea ziwani. Palikuwa na nyumba za fahari zaidi karibu nayo, na palikuwa na za bei ndogo. Tulichagua ile kwa sababu viti vyake vilitazama maji, na muziki wake ulizimwa saa tatu za usiku. Mwenyeji alitupa onyo moja jema, nami nawapa ninyi: giza likiingia, usitembee mchangani, kwa maana viboko hutoka majini kula majani, na kiboko hamjui mgeni. Na mchana usioge penye matete, kwa ajili ya mamba na ugonjwa wa kichocho.

Siku ya kwanza hatukujua la kufanya. Nasema kweli. Mke wangu alifagia chumba kilichokwisha fagiwa. Mimi nilisoma tangazo la ukutani mara tatu. Watu waliozoea kuwa pamoja katika kazi, wakiondolewa kazi, huonana kama wageni. Tulikula mukeke wa kuchoma na ndizi, tukasema samaki ni mzuri, kisha maneno yakatuishia. Ng'ambo hatukuona kitu, kwa kuwa mwezi wa Agosti moshi wa mashamba na vumbi la kiangazi hulifunika ziwa kama pazia.

Ijumaa upepo ulitoka kusini mchana kutwa, na jioni pazia likafunguka. Kwetu Uvira jua hutuacha mapema. Huingia nyuma ya milima yetu, nasi hubaki kivulini na mchana haujaisha ng'ambo. Sijawahi kuiona milima ile kutoka mbele, wakati jua linapoishukia. Ilisimama mirefu, ya rangi ya buluu, mgongo juu ya mgongo, na nyuma yake mbingu nyekundu yote. Wageni wa nyumba ile, Wazungu wawili na bwana na bibi wa Bujumbura, walitoka na simu zao kupiga picha. Tangu zamani wageni wa Bujumbura huketi ufukweni jioni kuutazama uzuri huo, nao hulipa fedha kwa viti hivyo. Uzuri wenyewe ni milima ya Uvira. Ni kuta za nyumba yetu, ambazo sisi tunaoishi ndani yake hatukuwahi kuziona.

Nilitaka kumwambia mke wangu jambo hilo, lakini niliona kwamba machozi yanamtoka. Akanyosha mkono akasema: “Pale, chini ya ule mkato, ndipo alipo.”

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alizaliwa mwaka 1998, akafa mwaka 1999, wakati watu wengi wa mji walipokuwa wamekimbilia juu milimani. Mimi nilikuwa nimeteremka kutafuta chumvi na dawa ya homa. Niliporudi siku ya nne, alikuwa amekwisha zikwa. Tangu siku ile nilijua kwamba alikufa, na zaidi ya hapo sikujua neno. Mimi sikumwuliza mke wangu, nikidhani kwamba nitamfungulia jeraha. Yeye hakunieleza, akidhani kwamba mimi sitaki kusikia. Jambo hilo lililala kati yetu miaka 23, kimya, kama mtu wa tatu kitandani.

Jioni ile alinieleza yote. Alinieleza homa ya usiku tatu. Mwanamke asiyemjua, mkimbizi kama yeye, aliyetoa kitenge chake cha pekee wamfungie mtoto. Mzee aliyechimba kwa jembe la kuazima. Mti walioutia alama. Alinieleza maneno aliyomwambia mtoto mwishoni. Nami nilimweleza asilolijua: kwamba dawa niliipata, kwamba niliibeba ndani ya shati njia nzima, na kwamba niliposikia habari niliitupa mtoni kabla hajaniona. Hakujua kamwe kwamba niliipata. Alikaa kimya, kisha akaushika mkono wangu hadharani, jambo ambalo kwetu si desturi. Giza lilipoingia taa za wavuvi zilianza kuwaka ziwani, moja moja, kisha mamia, hata ukadhani kwamba kuna mji juu ya maji. Tuliketi mpaka baridi ikatufukuza.

Huenda msomaji akauliza: je, mambo hayo hayawezi kusemwa nyumbani? Yaweza. Lakini nawauliza ninyi mlio katika ndoa: nyumbani kwenu jioni ni ya nani? Ni ya watoto, ya wageni, ya madaftari ya kusahihisha, ya moto wa kesho. Yako maneno ambayo hayasemwi katika robo saa. Yataka siku moja ya kukosa la kusema, na siku ya pili ya kulisema. Ndiyo maana usiku mmoja hautoshi. Tungalirudi Ijumaa asubuhi, tungalirudi na sifa za samaki tu.

Jumamosi tulikuwa wepesi kama vijana. Tulikwenda kuliona jiwe la Mugere, mahali walipofika Livingstone na Stanley. Limeandikwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wengine hudhani kwamba ndipo walipokutana. La, walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini ya ziwa. Nilimweleza mke wangu kwamba mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wengine wawili, Burton na Speke, walifika Uvira yetu wakitumaini kwamba mto Ruzizi hutoka ziwani na kwenda kuwa mto Nile. Watu wa pale waliwaambia kwamba mto ule waingia ziwani, hautoki. Livingstone na Stanley wakaenda mpaka kinywani mwa mto, wakaona kwa macho kwamba wenyeji walisema kweli. Mke wangu akasema: “Miaka 13 kwa jambo ambalo kila mvuvi alilijua! Wangalikuja na wake zao, wangaliambiwa siku ile ile.” Nilicheka hata mlinzi akatutazama. Alasiri tulipanda mashua, tukavaa maboya ya kuokolea, tukakaa karibu na pwani, maana upepo wa kiangazi huweza kuinua mawimbi mara moja.

Jumapili tulisali, tukafunga mizigo, tukarudi. Tulikuwa tumetumia dola 271. Za dharura zilizobaki, dola 29, tulinunulia madaftari ya watoto, maana shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Hatukuwa na deni la mtu. Shangazi alitukabidhi watoto wote na karatasi yake iliyotiwa alama kila mstari. Binti yetu wa Italia tulimpelekea picha ya milima ya Uvira jua linapoingia. Akajibu kwamba alimwonyesha bibi mmoja wa kule kazini, naye akauliza ufuo huo u nchi gani na chumba ni bei gani.

Sijui kama tungepata siku nyingine kama zile. Mwaka 2025 vita viliichukua Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba vikaingia Uvira. Watu maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi, na sisi tulikuwamo. Tulipita barabara ile ile ya Gatumba, safari hii kwa miguu, na matandiko kichwani. Jioni moja huko ng'ambo tuliiona tena milima yetu. Hapakuwa na viti wala ukumbi. Lakini mke wangu aliketi chini karibu nami, akautazama ule mkato, na hakuhitaji kunionyesha. Watu waliokuwa karibu hawakujua twatazama nini. Katika shida ile kubwa hapakuwa tena na kimya kati yetu cha kubebwa pamoja na mizigo. Mali iliyobaki nyumbani yaweza kuibwa; tulichokipata katika siku zile nne tulivuka nacho.

Kwa hiyo, mabwana na mabibi, nawapa shauri langu kwa maneno machache. Mpange safari yenu mapema, kwa daftari, wote wawili. Msiangalie kwanza jina la mahali. Ulizaneni kwanza mmekosa nini. Wekeni fedha kidogo kidogo, na kila fedha iwe na kazi yake. Waambieni ndugu waziwazi, kisha shikeni neno lenu. Msiende mahali mnapojulikana. Msikope. Na msirudi siku ya kwanza mkiona kwamba hamna la kusema. Kama hamna dola 300, fanyeni kwa 30. Kama hakuna amani njiani, ngojeni, lakini msiufungue mfuko ule kwa jambo jingine. Sisi wetu tumekwisha uanza upya. Mwezi huu tulitia dola tano, na ufunguo uko kwake.